UZI WA MALALAMIKO: Wauza magurudumu ya kaboni, tupeni vipimo, siyo stika

Wakuu,

Uzi huu unawahusu wauza magurudumu ya kaboni wa kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram, kuanzia Dar na Arusha mpaka Nairobi. Mmezidi. Tangazo ni lile lile kila wiki: gurudumu limeegeshwa ukutani, stika kubwa ya kampuni maarufu, halafu maneno "kaboni tupu, mm 50, unaokoa wati 30, bei njoo inboksi". Mtu akiuliza upana wa ndani wa ringi, kimya. Akiuliza habu (kitovu cha gurudumu) ya nani, anajibiwa "habu nzuri mkuu, haina shida". Akiuliza kama ni ya breki za diski au za kubana ringi, anaambiwa inaingia baiskeli zote. Hakuna gurudumu linaloingia baiskeli zote!

Tuanze na hizo wati 30. Wati 30 dhidi ya nini? Dhidi ya ringi nyembamba ya zamani yenye spoki 32 za duara, kwa mwendo gani, na tairi gani? Nguvu inayoliwa na upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Gurudumu linalookoa wati 10 ukiwa km 45 kwa saa, ukishuka hadi km 30 kwa saa linaokoa wati 3 tu. Kweli, mwenye mwendo mdogo anakaa barabarani muda mrefu zaidi, kwa hiyo sekunde anazookoa kwenye km 40 za triathloni si haba. Lakini hizo wati 30 mnazozitangaza, kwa mwendo wa wengi wetu hazipo. Sehemu kubwa ya upepo inapigwa na mwili wa mpanda baiskeli, siyo ringi. Anayeendesha ameinua mabega, na jezi inapepea kama tanga, hana sababu ya kuanza na magurudumu.

Sasa upana, maana hapa ndipo mnapotuumiza zaidi. Ringi ya kupasua upepo inafanya kazi pale tu upepo unapotoka kwenye tairi na kushika ubavu wa ringi bila kuachia. Kanuni ambayo mafundi wa magurudumu wanaitumia miaka mingi ni ya asilimia 105: upana wa nje wa ringi uwe angalau mara 1.05 ya upana wa tairi likiwa limejazwa. Tairi lililoandikwa 25 ukilifunga kwenye ringi yenye mm 21 ndani linavimba mpaka karibu mm 27. Zidisha kwa 1.05 unapata mm 28.4. Ringi yenye mm 25 kwa nje, hata iwe na kimo (kina cha ringi kutoka ukingoni kuelekea habu) cha mm 60, ukiivika tairi hilo upepo unavunjika pembeni na hela yako inabaki kuwa pambo. Kwa hiyo mnunuzi anahitaji namba tatu: kimo, upana wa ndani, upana wa nje. Nyie mnatoa moja.

Halafu baiskeli nyingi za triathloni za mitumba zinazoingia kwetu zina breki za kubana ringi zilizofichwa nyuma ya foko au chini karibu na ekseli ya pedeli. Nafasi pale ni ya ringi nyembamba za enzi hizo. Ukileta ringi ya mm 28 breki haifunguki vya kutosha, na tairi linasugua fremu. Kabla ya kulipa, pima kwa kalipa (kipimio cha milimita) nafasi kati ya mikono ya breki ikiwa wazi, pima na nafasi kwenye foko na kwenye bomba za nyuma, ubakize angalau mm 3 kila upande.

Hili la ringi zisizo na ndoano linaweza kuua mtu. Ringi ya kawaida ina ukingo uliojikunja ndani unaoshika tairi. Ringi isiyo na ndoano ina ukuta ulionyooka, ni rahisi kuitengeneza, ndiyo maana zimejaa kwenye bei ya chini. Si mbaya zenyewe, ila zina masharti: presha isizidi psi 72.5 (bar 5), tairi liwe la tyublesi (lisilohitaji tyubu) lililoidhinishwa kwa ringi hizo hata kama ndani utaweka tyubu, na upana wa tairi uendane na ringi. Ringi yenye mm 23 ndani inataka tairi la 28 kwenda juu, na yenye mm 25 inataka 29 kwenda juu. Mwaka 2024 kwenye UAE Tour, mbio za baiskeli za Falme za Kiarabu, tairi la Thomas De Gendt lilitoka kwenye ringi ya aina hiyo. Lilikuwa la 28, ringi ina mm 25 ndani. Huyo ni mpanda baiskeli wa kulipwa mwenye mafundi wake. Huku kwetu watu wamezoea kujaza psi 110 mpaka 120, na muuzaji hajaandika popote kwamba ringi haina ndoano. Mnataka mtu afe ndio muandike?

Na breki. Ringi ya kaboni ya kubana ya bei ya chini, nayo inauzwa kwa watu wa milimani bila neno. Mtu anashuka nayo kutoka Lushoto mpaka Mombo, au kutoka Iten kuelekea Bonde la Kerio, anabana breki mfululizo. Gundi inayoshikilia nyuzi za kaboni inalainika kwa joto, presha ya tairi inapanda kwa joto hilo hilo, ukuta wa ringi unasukumwa nje. Dalili ya kwanza ni mkono wa breki kudunda kila mzunguko. Ukiisikia, simama hapo hapo, usisubiri kona inayofuata. Mipira ya breki lazima iwe ile maalumu ya ringi za kaboni. Ile iliyotumika kwenye alumini imebeba vipande vya alumini vinavyokwangua ringi. Tyubu za latex (za mpira mwembamba) zisiwekwe humo kabisa, joto linazipasua. Kwa anayekaa milimani na baiskeli yake ni ya breki za kubana, ushauri wangu ni ringi ya alumini, basi.

Uzito nao mnaupigia ngoma sana. "Yana gramu 300 pungufu!" Mpanda baiskeli na baiskeli yake ni kilo 80. Gramu 300 ni chini ya asilimia 0.4. Kwenye mlima wa dakika 30 umeokoa sekunde sita hivi. Tairi zuri na tyubu ya latex (kwenye ringi ya alumini au ya diski) vinakupa zaidi ya hapo kila siku, mlimani na tambarare, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Kwa mwenye bajeti ndogo, anza na mkao. Kisha matairi mawili mepesi kuviringika na tyubu zake, halafu kofia ya aero (ya kupasua upepo) na nguo inayobana. Ukishamaliza hapo, kwa triathloni na mbio za kushindana na saa, funika gurudumu lako la nyuma la alumini kwa plastiki. Chukua karatasi ngumu ya plastiki ya mm 0.5 hadi 1, kata duara linaloishia ndani ya sehemu inayobanwa na breki, chana mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, pandisha ncha moja juu ya nyingine mpaka liwe koni inayolala juu ya spoki, halafu gundisha. Upande wa kaseti (gia za nyuma) tundu liwe kubwa kiasi cha mnyororo kutogusa ukiwa kwenye duara kubwa kabisa la kaseti. Upande wa diski lipishe diski yote. Funga kwa boliti ndogo za plastiki zinazopita kati ya spoki, pembeni zungushia tepu ya umeme. Kata kidirisha cha vali, ukishajaza upepo kizibe kwa tepu. Ikigongagonga ukiwa na kasi, koni imelegea, ongeza mkunjo.

Gurudumu la mbele ndilo linalopokea upepo safi, hela ya kaboni iende huko kwanza. Kimo cha mm 40 hadi 50 kinatosha. Mwenye kilo chini ya 60 asivuke 40, hasa pwani wakati wa kusi, kwa sababu upepo wa ubavuni unashika ringi ya mbele na kuzungusha usukani. La nyuma halina usukani.

#2
Mkuu mleta uzi, umenena. Naongezea upande wa ufundi. Waulizeni habu inatumia spoki za kichwa kilichopinda au zilizonyooka. Zilizopinda unazipata Kariakoo, hata fundi wa mtaani anabadilisha. Zilizonyooka na bapa usipopewa za akiba nne na urefu wake umeandikwa, ikikatika moja gurudumu linalala mwezi. Nipo (nati za spoki) zikiwa zimefichwa ndani ya ringi, kila kunyoosha ni kuvua tairi na utepe. Nyuma kwa mtu wa kilo 85 kwenda juu, spoki 24 ndio mwanzo, 28 bora. Upande wa kaseti mkazo uwe kilo 100 hadi 120, upande wa pili unakuwa karibu nusu. Nyingi za bei ya chini zinakuja zimelegea upande huo wa pili, na spoki inayolegea na kukaza kila mzunguko ndiyo inayokatika. Angalieni na tundu la vali: la vali nyembamba ni mm 6.5. Ukikuta limetobolewa mm 8.5, au lina makali, tyubu itachanika shingoni kila mara.

#3
Wakuu, hicho kifuniko mashindanoni kinakubalika? Na kaseti yangu ni ya gia 10, friwili zao (sehemu ya habu inayobeba kaseti) wanasema ni ya 11.

Mleta uzi
Ndugu, kwenye mbio za barabarani chini ya UCI (shirikisho la baiskeli la dunia) hapana. Huko hata gurudumu lenyewe likiwa na kimo zaidi ya mm 25 lazima liwe kwenye orodha yao, na kuanzia Januari 1, 2026 kimo kisizidi mm 65 kwenye mbio za kuanza pamoja. Kwa hiyo wanaowauzia vijana mm 80 "za mashindano ya barabara" waache. Triathloni isiyoruhusu kujificha upepo nyuma ya mwenzako kwa kawaida inakubali kifuniko cha nyuma pekee, ila soma kanuni za waandaaji wako kabla hujakata plastiki.

Friwili ya gia 11 ya Shimano ni ndefu kwa mm 1.85. Weka pete ya unene huo nyuma ya kaseti yako ya 10, pamoja na ile ya mm 1 kama kaseti ilikuja nayo, itakaa. Usipoiweka kaseti inacheza na kuchimba alumini ya friwili. Kama ringi ni ya mm 50, nunua kabisa tyubu zenye vali ya mm 80, mbili za kutumia na mbili za akiba. Huku dukani utakuta ya mm 48, haifiki.

Na wewe muuzaji uliyekuja kunijibu inboksi kwamba nakuharibia biashara: weka hapa hapa picha ya kalipa ikipima ndani ya ringi, picha ya ukingo tuone kama una ndoano, jina la habu, idadi ya spoki, na uzito wa juu wa mpanda baiskeli. Nitasoma na nitawaambia watu wanunue.