Taa ya "wati 1000" inayokula wati 100: wauza taa za mimea Unguja, mnatuona mabwege?

Assalamu alaykum. Salamu nishatoa, sasa niacheni niseme, maana nimejaa hadi hapa.

Kuna jamaa ana duka la vitu vya umeme hapa mjini. Simtaji, akipita humu atajijua mwenyewe. Nilimwendea na shida iliyo wazi kabisa: nina hema la kuoteshea la mita moja kwa mita moja, nimelisimamisha chumbani kwenye fleti Michenzani, nataka taa ya kuoteshea saladi, mrehani na kotmiri. Akanishushia boksi lina picha ya jani na maandishi makubwa, 1000W. Akaapa wallahi hiyo inatosha hema langu na nyingine inabaki, na ndani ati zote ni chipu za Samsung. Nikalipa. Kufika nyumbani nikaipitisha kwenye ile mita ndogo ya kuchomeka ukutani, inayokuonesha kifaa kinavuta umeme kiasi gani. Wati mia na kidogo. Si elfu, si mia tano. Mia na kidogo!

Narudi dukani, bwana mkubwa hata hatikisiki. Ananambia, "Hiyo elfu ni nguvu yake, si umeme inaokula." Nguvu gani hiyo isiyotoka kwenye umeme, inaletwa na majini? Nikamtolea risiti. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa: mali ikishauzwa hairejeshwi.

Sasa nieleze hiyo elfu inapikwa vipi, maana mchezo wenyewe ni wa kitoto. Wanahesabu vile vidude vinavyowaka, dayodi. Ziko 100. Kila moja kiwandani imeandikwa inaweza kustahamili wati 10. Mia mara kumi, elfu, chapa boksi. Ndani ya taa yenyewe kila dayodi inapewa wati moja tu, kwa sababu ikipewa kumi kwenye kibati chembamba kama kile itaungua kabla hujafunga mlango. Wengine wana njia nyengine: wanaandika 1000 halafu kwa herufi za sisimizi wanasema "sawa na" taa ya zamani ya sodiamu. Sawa na nani, kapima nani? Wati ni umeme unaopita, hakuna wati ya heshima.

Na hata hizo wati zingekuwa za kweli, mmea hauli wati. Mmea unakula mwanga, na mwanga wa mmea unapimwa kwa mikromoli, yaani hesabu ya chembe za mwanga, zinazotua kwenye mita moja ya mraba kila sekunde. Taa nzuri ya siku hizi inatoa mikromoli 2.5 au zaidi kwa kila juli ya umeme, na wati moja ni juli moja kila sekunde. Hizi za boksi la jani ukipata 1.2 ushukuru. Haya, twende hesabu: wati 100 kwa 1.2 ni mikromoli 120 kwa sekunde, nyengine zinapotea kwenye kuta za hema, juu ya majani zinafika kama 100. Washa saa 16 kwa siku, jumla unapata moli zisizofika 6 (moli moja ni mikromoli milioni). Saladi inataka 12 hadi 17 kwa siku. Nusu ya chakula! Ndio maana miche yangu imerefuka shingo kama watu wanaochungulia harusi dirishani, shina jembamba, jani halijikunji, ukiigusa inalala.

Kwa hema kama langu, taa ya wati 120 za kweli yenye 2.5 ingenipa karibu mikromoli 250 juu ya majani, na kwa saa 16 hiyo ni moli 14 na ushei. Yaani kwa umeme ule ule, au uliozidi kidogo sana, ningevuna. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa ya taa. Pesa ya taa ni mara moja, lakini TUKUZA, mita yetu ya umeme ya kulipia kabla, nainunulia uniti kila siku, na karibu uniti mbili kwa siku zinakwenda kumulika miche inayokufa njaa. Umeme wenyewe unatufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waliokuwepo kiza cha 2009 hadi 2010, kisiwa kilipokaa miezi bila umeme, wanajua kisiwa hiki hakina umeme wa kuchezea.

Kabla hamjaanza kuchekacheka huko: SI BANGI. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu jirani kashaona mwanga wa zambarau dirishani usiku wa manane, kashapeleka habari, na sheha kashagonga mlango kwa upole ule wa "tumepita kukujulia hali tu mwanangu". Nikamfungulia hema, nikamkatia jani la mrehani akanusa, akacheka, akaondoka nalo. Lakini fikiria ningekuwa sipo, na nyumbani yuko bibi peke yake!

Hapo pia wauzaji wana lao. Hizi taa na mahema yametengenezewa hasa wakulima wa bangi wa nchi ambako imeruhusiwa, kama Canada tangu 2018, na nasaha karibu zote utakazosoma mtandaoni ni za kwao. Wao mmea wao ukitoa maua wanaupa mikromoli 600 hadi 900. Muuzaji wetu kasoma hayo nusunusu, anakurudishia wewe wa saladi kama hadithi: mara "inatosha hata miti mikubwa", mara "usiisogeze, itaunguza". Taa yenye mikromoli 100 itaunguza nini? Hapa kwetu bangi ni jinai, hakuna atakayekuja dukani kulalamika kwamba taa haikumtosha, kwa hiyo uongo unazunguka bila wa kuupinga. Na sisi wa kotmiri ndio tunaolipa.

Halafu hiyo zambarau. Mpaka leo wanakwambia mmea unataka nyekundu na buluu tu, kijani hauutumii. Mwaka 1972 mtafiti McCree alipima aina 22 za mazao, akaonesha kwamba majani yanautumia mwanga wa kijani vizuri tu. Tena kijani ndicho kinachopenya ndani zaidi ya jani. 1972! Taa nyeupe iliyoongezwa nyekundu kidogo ndiyo wanayotumia wenye akili siku hizi, na ina faida moja ambayo huyu bwana hakunambia: unauona mmea wako. Chini ya zambarau kila jani ni jeusi. Nzi weupe walikaa chini ya majani ya mrehani mpaka nilipoutoa nje ndipo nikawaona.

Nimtendee haki kwa moja. Kuna dayodi chache zinaonekana kama zimekufa, zinatoa wekundu hafifu sana. Nilidhani mbovu, kumbe hizo ni nyekundu ya mbali, nanomita 730, jicho letu haliioni vizuri. Hilo halina kosa.

Lakini nilipomuuliza mikromoli ngapi, unajua alijibu nini? "Angalia inavyoumiza macho." Jicho la binadamu linaona kijani na njano kuliko kitu chochote, na ile programu ya simu inayopima luksi imetengenezwa kwa jicho hilo hilo. Ukipimia taa nyeupe, gawa luksi kwa 65 au 70 utapata mikromoli za makisio, luksi 15,000 ni kama 220 hivi, inasaidia. Ukipimia zambarau, namba utakayopata haina maana yoyote. Macho yanauma kwa sababu dayodi ziko wazi na hazina kifuniko, basi.

Joto sitalizungumza sana. Umeme wote unaoingia hemani mwishowe unageuka joto, wati mia ni joto la wati mia. Wakati wa kaskazi chumba chenyewe kishakuwa tanuri na saladi haipendi kupita digrii 24 au 25, ikizidi inakimbilia kutoa maua na inakuwa chungu. Mie nawasha usiku, saa kumi na mbili jioni hadi saa nne asubuhi, na feni ndogo inasukuma hewa nje. Feni iliyomo ndani ya taa yenyewe ishaanza kukwaruza kwa chumvi na unyevu.

Na yule atakayekuja na "jua lote hili la Mungu unataka taa ya nini", njoo Michenzani unioneshe shamba. Saladi nyingi inayoliwa kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje inashuka na boti kutoka bara, imeshanyauka nusu. Mpishi anataka jani la leo asubuhi, wiki zote, hata kwenye masika mvua ikipiga mpaka miche ya nje inalala kwenye tope. Biashara ipo. Taa ndiyo hakuna.

Nyongeza, kwa mlioniuliza faragha kama naweza kubadilisha draiva, kile kifaa kinachoipa taa umeme wake, nikaongeza umeme hadi zifike wati 300: hapana, bati la kupoza joto ni jembamba na dayodi ni zile zile za 1.2, nitakuwa nimenunua pasi. Na aliyesema nipeleke malalamiko Taasisi ya Viwango, nimesikia, boksi na risiti vipo.

Ninachotaka kwenu ni hiki: kama kuna mtu Unguja anauza paneli nyeupe ya wati 120 za kweli, yenye karatasi ya mikromoli na draiva inayostahamili umeme ukipanda na kushuka, aseme bei hapa hapa, si faragha. Chake Chake au Wete pia sawa, mzigo utakuja na boti. Msiniletee picha ya boksi. Nileteeni picha ya mita, taa ikiwa inawaka.