MREJESHO: Mkanda wa kumwelekeza asiyeona kwenye njia za milimani

Wakuu, niliuliza kifaa cha kumsaidia kaka yangu asiyeona kupita njia za kwetu Lushoto, huko ambako njia hazina majina ya mitaa.

Ndugu aliyeko Ujerumani alitupatia mkanda wa kiunoni wa kampuni ya feelSpace, uliokwishatumika, unaoongozwa na simu. Una vitetemeshi 16; kinachotetemeka ndiyo upande wa kuelekea. Masikio yanabaki huru kusikia bodaboda na maji yanayoporomoka, ndiyo maana ushauri wa kumpa spika za masikioni za kumtajia njia sikuufuata, mkuu uliyeutoa usinune.

Penye uwazi unampeleka safi. Kasheshe ni bondeni na chini ya miti mikubwa: GPS ya simu inahama mita kadhaa, na kwenye njia ya ukingoni mita hizo ni korongo. Tena mkanda unajua mwelekeo tu, haujui shimo wala tawi la usawa wa uso. Fimbo nyeupe haijastaafu!

Tumehifadhi kwenye simu vituo vya karibu karibu, daraja, kisima, mkaratusi wa njia panda, naye anavithibitisha kwa fimbo. Shambani sasa anakwenda mwenyewe. Msimu wa mvua bado hajaujaribu, mama kagoma.