Kompyuta kuukuu ya kuendesha mashine ya karakana: LinuxCNC, Mach3 ama Arduino?

seremala_amu (Lamu)
Assalam aleikum wakuu, na shikamooni wazee mliomo. Nina karakana ya mbao hapa Amu, milango, vitanda, makasha, na nimeunda fremu ya ruta ya CNC (mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta), mota tatu za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) za NEMA 23, draiva za TB6600 za kuziendesha, skrubu zinazosogeza milimita 5 kwa mzunguko. Kilichobaki ni ubongo. Kuna ofisi ilikuwa inatupa vitu vyake nikapata Dell Optiplex ya Core 2 Duo, RAM giga 2, na nyuma ina ile poti ndefu ya printa ya tundu 25. Pia nina laptopu kuukuu, betri imekufa lakini ukiichomeka kwa chaja inawaka vizuri tu. Huku wananiambia weka LinuxCNC (programu ya Linux ya kuendesha mashine), huku wananiambia Mach3 (ile ya Windows), mwengine ananiambia tupa zote chukua Arduino (bodi ndogo ya kudhibiti). Kompyuta mpya sinunui, hewa ya huku mwajua wenyewe chumvi itaila kabla sijaimaliza kulipa. Kazi ni kuchimba nakshi ya awali tu, kumalizia ni patasi, kwa hivyo wazee wa nakshi msianze kunirushia mawe 😅

XP_haifi (Malindi)
Mach3 kwa Windows XP, mjadala umeisha 😂
Sikiza yakhe, hiyo Dell yako ndiyo hasa mashine yake. Weka XP ama Windows 7 lakini iwe ya 32-bit, 64-bit usiguse maana draiva ya poti ya printa ya Mach3 huko haifanyi kazi. Skrini yake ina vitufe vikubwa, kijana wa kazi anaishika mara moja bila kujua Linux ni mnyama gani. Ile ya bure inaishia mistari 500 ya G-code (amri zinazoiambia mashine iende wapi) na nakshi ya mlango ni maelfu ya mistari, kwa hivyo leseni utalipa, hilo nakwambia mapema. Na usiiweke kwa intaneti kabisa, Microsoft waliiacha XP tangu Aprili 2014, faili peleka na flashi basi.

mkereza_mld (Malindi)
Mjadala haujaisha bwana.

@seremala_amu kabla hujatoa hata shilingi, tia LinuxCNC kwa flashi, washa Dell kutoka kwa hiyo flashi bila kuinstoli chochote, fungua latency-test, kipimo chake cha ucheleweshaji. Halafu itese. Fungua madirisha uyaburute huku na huku, cheza video, kopi faili kubwa, iache iende muda mrefu. Tazama ile namba ya juu kabisa ya jitter, yaani kompyuta inavyopotoka na wakati. Ikiwa chini ya nanosekunde 20,000 umepata mashine safi. 30,000 mpaka 50,000 bado utafanya kazi ila spidi itapungua. Ikipita 100,000 hiyo kompyuta mpe mtoto achezee.

Sababu yenyewe ni hii, na watu wengi hawaielewi: ukitumia poti ya printa, kompyuta ndiyo inayopiga kila pulsi inayosukuma mota hatua moja. Kwa hivyo RAM na gigaheti si hoja sana, hoja ni kufika kwa wakati. Ni kama mpiga twari kwenye zefe la Maulidi, awe na nguvu vipi, akichelewa safu nzima inayumba. Pulsi ikichelewa mota inaruka hatua, na mashine haijui imeruka, inaendelea kuchimba mahali pasipo pake mpaka mbao yako ya mvule iwe kuni. Ndiyo maana utakuta kompyuta ya zamani inaishinda mpya kwa kazi hii.

jahazi_matondoni
Samahani naingilia, mimi laptopu yangu haina hiyo poti, je nikinunua ile waya ya USB inayogeuka kuwa poti ya printa?

mkereza_mld
Hapana. Ile ni ya printa tu, pulsi hazipiti kwa wakati. Na laptopu yenyewe ina tabia ya kusimamisha kila kitu kidogo kidogo ishughulikie betri na joto lake, huwezi kuizuia kabisa. Ukiwa na desktopu isiyo na poti, kuna kadi ya PCIe inachomekwa ndani, hiyo inafaa, ila anwani yake si ile 0x378 ya kawaida, utaitafuta kwa amri ya Linux lspci -v.

binti_umeme (Mokowe)
Na ukinunua kadi mpya pima volti kwanza. Poti za zamani zinatoa karibu volti 5, nyingi za sasa ni 3.3, na kuna bodi za opto (zinazotenga kompyuta na umeme wa mota) ambazo kwa 3.3 haziwaki vizuri, utakaa unalaumu programu bure.

Sasa nirudi kwa mwenye swali. Kaka, kwa ruta ya mbao mimi naona hawa wawili wanakuvutia kwenye vita vyao vya zamani. Kazi ya pulsi mwachie Arduino Uno yenye GRBL, programu ya CNC inayokaa ndani ya Arduino yenyewe. Inafika pulsi 30,000 kwa sekunde. Sasa piga hesabu yako mwenyewe: stepa yako ni hatua 200 kwa mzunguko, ukiweka draiva kwa 1/8 (kila hatua igawanywe mara 8) ni 1600, gawa kwa skrubu ya milimita 5 unapata 320 kwa milimita. 30,000 gawa kwa 320 ni kama milimita 93 kwa sekunde, zaidi ya mita 5 kwa dakika. Hizo TB6600 na hiyo fremu ya mbao nakuapia hazifiki huko, mota zitakwama kabla. Hata Mach3 kwa pulsi 25,000 inakupa milimita 78. Kwa hivyo spidi si kitu cha kubishania hapa.

Faida ni kwamba laptopu inabaki tarishi tu, inatuma mistari kupitia USB, hata ikisitasita Arduino inasimama ikingoja, haipotezi hatua. Ila biti (ile ncha ya kukatia) inabaki ikizunguka palepale inachoma mbao, kwa hivyo zima usingizi wa laptopu na zima masasisho. Na umeme wake ni mdogo, inveta ya sola inaibeba, Dell na monita yake ni habari nyengine.

XP_haifi
GRBL ni ya watoto wa shule 😂 USB inakatika ukiwasha tu ile ruta ya mkono

binti_umeme
Hapo una haki nusu. Brashi za ruta zinatoa kelele ya umeme na USB haipendi. Tumia waya fupi yenye ngao, waya za mota zipitie mbali na za ishara, fremu nzima iende kwa waya wa ardhi. Waya za swichi za mwisho (zile za kuijulisha mashine imefika ukingoni) tia kapasita ndogo. Ukifanya uvivu hapo, ndiyo, itakatika, na hata poti yako ya printa itasoma swichi iliyobonyezwa na jini.

mzee_patasi (Lamu)
Marahaba wanangu. Mimi sina neno na mashine, ichimbe. Lakini biti ni ya mviringo, kona ya ndani haitoi kali, na ua la mlango wa Kiamu lina kona hizo tele. Msije mkauza kazi ya biti tupu mkaiita nakshi ya Amu.

seremala_amu
Hapo sina ubishi Mzee, patasi iko.

Nimefanya ile latency-test. Mara ya kwanza imenipa namba mbaya, juu ya 60,000. Nikaingia BIOS (mipangilio ya ndani ya kompyuta) nikazima SpeedStep na C-states, zile za kuokoa umeme, imeshuka chini ya 20,000 na imebaki hapo hata na video. Sasa nimechanganyikiwa zaidi maana Dell ni nzuri na maneno ya dada wa Mokowe nayo yana maana.

mkereza_mld
Basi una mashine mbili nzuri, shida iko wapi? Ila kitu kimoja, badilisha betri ya CR2032 ya kwenye bodi sasa hivi. Ikifa, na kwa kompyuta ya umri huo itakufa, BIOS inarudi kama ilivyotoka kiwandani, SpeedStep inawaka tena kimyakimya na mashine inaanza kuruka hatua huku wewe unatafuta kosa kwa mota. Tazama pia kapasita za bodi, zile zilizovimba juu.

Swali langu kwako: una mpango wa mashine ya kukereza baadaye? Maana hapo ndipo njia zinaachana. Mimi natengeneza shafti za mashua za injini ya ndani, kila shafti ina nyuzi za nati ya propela. Kukata nyuzi, tuli (kile kisu cha kukatia) lazima lifuate mzunguko wa spindeli, ile inayozungusha kazi, mwanzo hadi mwisho. LinuxCNC inasoma enkoda ya spindeli (kihisi kinachohesabu mzunguko) na G33 ama G76, amri za kukata nyuzi, inaifuata, spindeli ikilemewa ikapunguza mwendo, tuli nalo linapunguza. Enkoda ya mistari 100 inatoa hesabu 400 kwa mzunguko, kwa mizunguko 200 kwa dakika ni hesabu 1,300 na kitu kwa sekunde, poti ya printa inazimudu bila kadi yoyote. Poti ina pini 5 tu za kuingiza, enkoda inakula 3, zilizobaki gawanya kwa akili.

XP_haifi
Mach3 pia inakata nyuzi bwana usipotoshe watu

mkereza_mld
Inakata, sijakataa. Lakini inategemea pulsi moja kwa kila mzunguko, katikati inakisia. Kwa shaba laini sawa. Kwa chuma cha pua na mota ndogo ya spindeli, mimi siwezi kulala.

binti_umeme
GRBL ya kawaida kwenye Uno haikati nyuzi, hapo simtetei mtu. Ndiyo maana mimi naona ruta iende na Arduino na laptopu, Dell uitie mfuko uiweke kavu ingoje mashine ya kukereza. Kuifunga kwa ruta ni kuipoteza, poti za printa sasa ni adimu.

mkereza_mld
Ama aanze nayo kwa ruta ajifunze LinuxCNC kwa mbao za bei rahisi kabla hajagusa chuma. Mimi ningefanya hivyo. Toleo jipya linataka 64-bit na Core 2 Duo inabeba, tena skrini unaweza kuipunguza kijana asipotee.

seremala_amu
Ndugu yangu yuko Malindi na anataka kununua mashine kuukuu ya kukereza, kwa hivyo Dell itaenda huko. Mimi naanza na laptopu na Uno. @XP_haifi usinune 😂
La mwisho, kitufe cha dharura nikiunganishe kwa Arduino ama wapi?

XP_haifi
Sinuni. Utanirudia.

binti_umeme
Kikate umeme wenyewe wa draiva na wa ruta kupitia kontakta (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme), kisipite kwa kompyuta wala Arduino, programu ikiganda kitufe lazima bado kiue kila kitu. Waya wa pili upeleke kwa Arduino ipate habari tu. Na uchague kile ambacho kikiwa hakijabonyezwa kimefunga saketi, yaani umeme unapita muda wote, ili panya akikata waya mashine isimame yenyewe. Kontakta nayo isiwake yenyewe umeme ukirudi baada ya kukatika, weka kitufe cha kuwasha kando. Ndugu yako wa Malindi umwambie hilo hilo, tena yeye zaidi, maana pini za poti ya printa zinachezacheza kompyuta inapowaka na spindeli inaweza kuanza kuzunguka mkono uko ndani.