Mjadala: Je, ni haki kodi ya wananchi imlipie mwanamuziki asiye na kazi? Tuitazame Tigermilk ya Belle and Sebastian

Ndugu wachangiaji,

Mada iliyo mezani ni kama serikali inapaswa kutumia kodi za wananchi kuwafundisha na kuwashika mkono watu wanaotaka kuishi kwa muziki wa pop. Mfano uliotajwa na pande zote mbili ni Tigermilk, albamu ya kwanza ya kundi la Belle and Sebastian la Glasgow, Scotland, iliyotoka Juni 1996. Waliotangulia wamegawanyika. Mmoja ameandika kwamba albamu hiyo peke yake inatosha kuufunga mjadala, kwa kuwa bila fedha za umma isingekuwepo. Mwingine amemjibu kwamba mfagiaji wa barabara anayekatwa kodi kila mwezi hadaiwi chochote na kijana anayetaka kujifungia chumbani na gitaa lake akitunga nyimbo za huzuni. Wa tatu ameleta hoja ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwamba muziki wa huzuni huzaliwa na dhiki, na kwamba ukimwondolea msanii dhiki umemwondolea na nyimbo zake. Mimi niko upande wa wanaotaka fedha hizo zitolewe, ila sikubaliani na sababu wanazozitoa wengi wa upande wangu, na hoja hii ya tatu naiona si ya kweli na tena ni ya hatari.

Tukubaliane kwanza kuhusu kilichotokea, maana naona baadhi yetu tunakisimulia nusunusu. Stuart Murdoch, mwimbaji na mtunzi mkuu wa kundi, alishikwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ugonjwa wa uchovu sugu, ule ambao Uingereza hujulikana kwa kifupi cha ME, na ambao unaweza kumwacha mtu mzima bila nguvu za kufanya hata kazi ndogo za nyumbani. Aliacha masomo ya chuo kikuu, na kwa takriban miaka saba hakuweza kufanya kazi. Alipoanza kupata nafuu katikati ya miaka ya 1990 alijiunga na Beatbox, mpango wa mafunzo wa serikali uliokusudiwa wanamuziki wasio na ajira, na huko ndiko alikofahamiana na Stuart David, aliyekuja kuwa mpiga besi wa kundi.

Hatua iliyofuata nayo ilipitia mikononi mwa taasisi ya umma. Chuo cha Stow, kimojawapo cha vyuo vya elimu ya ufundi vya Glasgow, kilikuwa na kozi ya biashara ya muziki, na wanafunzi wake waliendesha lebo yao wenyewe, yaani kampuni ya kutoa rekodi, iliyoitwa Electric Honey. Kila mwaka walichagua msanii mmoja, wakasimamia kurekodiwa kwake, wakashughulikia jalada, wakahangaika na vituo vya redio na maduka ya santuri, yaani waliisomea kazi kwa kuifanya. Mhadhiri wao Alan Rankine, aliyefariki mwaka 2023, aliijua biashara hiyo kwa ndani, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wawili walioanzisha The Associates, kundi la Scotland lililoingia kwenye chati za Uingereza mwaka 1982. Richard Colburn, mpiga ngoma wa Belle and Sebastian, alikuwa mwanafunzi wa kozi hiyo hiyo. Kwa desturi lebo ilitoa singo, yaani rekodi ya wimbo mmoja tu, lakini Murdoch alikuja na nyimbo nyingi zilizokwisha kukamilika, wakaamua kutoa albamu nzima. Kazi yote ya kurekodi ilichukua siku chache, zikafyatuliwa santuri 1,000, na hapo mradi wa mwaka ule ukawa umefikia kikomo.

Yaliyofuata ndiyo yanayowafanya watetezi waione hoja yao kuwa imekamilika. Santuri zile 1,000 zikawa adimu kiasi kwamba wakusanyaji walizinunua kwa mamia ya pauni, na mwaka 1999 lebo ya Jeepster ikaitoa albamu upya. Mwaka huo huo kundi lilitwaa tuzo ya Brit, tuzo ya muziki ya Uingereza, ya wasanii chipukizi kwa kura za wapenzi wa muziki. Electric Honey yenyewe ilikuja kutoa rekodi za mwanzo za makundi ya rock yaliyokuja kuvuma: za Snow Patrol, waliokuwa bado wakitumia jina la Polarbear, na za Biffy Clyro. Ukiyapanga mambo haya mstari mmoja, inaonekana kama fedha ya umma iliyowekezwa ikarudi na faida kubwa.

Nawaomba wenzangu wa upande huu tuwe waangalifu hapa. Kila mwaka kozi ile ilikuwa na wanafunzi wake, na Beatbox ilikuwa na watu wake, na wengi wao majina yao hatuyajui wala hatutayajua. Tukisema fedha ilikuwa halali kwa sababu Belle and Sebastian walifanikiwa, tutakuwa tumekubali kwamba iliyotumika kwa wale wengine ilikuwa hasara, na mpinzani wetu atakuwa na haki kamili ya kutuuliza kwa nini tusiwachague washindi mapema na kuwafungia mlango wengine. Hakuna afisa wa serikali duniani ambaye mwaka 1995 angemtazama mtu aliyeugua miaka saba, asiye na kazi wala kundi, akasema huyu ndiye wa kuwekeza. Kipimo cha mafanikio kingemwacha nje Murdoch mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo mwenye kuitetea fedha hiyo kwa kutaja albamu iliyotoka anajiharibia mwenyewe, na ningependa tuiache njia hiyo.

Sasa nije kwa ndugu aliyemtaja mfagiaji. Hoja yake ni nzito, na sikupenda kuona watu wakiipita kwa kumwambia kwamba haelewi sanaa. Ni kweli kwamba mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini ana haki ya kuuliza kodi yake inakwenda wapi, na ni kweli kwamba nchini Uingereza swali hili limewahi kuamuliwa kwa upande wake. Mwaka 1998 serikali ya Tony Blair ilianzisha mpango ulioitwa New Deal, ambao uliwataka vijana wa miaka 18 hadi 24 waliokaa miezi sita bila kazi wachague kati ya ajira yenye ruzuku, masomo, kazi ya kujitolea au kazi za mazingira, na kubaki nyumbani huku wakipokea posho hakukuwa sehemu ya machaguo hayo. Watu wa muziki walipiga kelele. Aliyesikika zaidi alikuwa Alan McGee, mzaliwa wa Glasgow na mwanzilishi wa lebo ya Creation, ambaye mwenyewe katika miaka ya 1980 alinufaika na mpango wa serikali uliowapa wasio na kazi pauni 40 kwa wiki ili waanzishe biashara zao. Mwaka 1999 serikali ilikubali kuweka mpango wa pembeni kwa ajili ya wanamuziki, wenye washauri waliotoka katika fani hiyo na masomo ya kujisomea.

Wapo wanaouona uamuzi ule kuwa upendeleo. Mimi nauona kuwa serikali ilitambua kwamba si kila kazi hupatikana kwa kujaza fomu na kwenda kwenye usaili. Seremala huajiriwa akiwa tayari seremala, na mwanzoni karakana ya bwana wake ndiyo humfundisha. Mwanamuziki wa pop hana karakana kama hiyo. Hujifunza kwa kupiga na wengine, kwa kurekodi na kusikia makosa yake, na mambo hayo mawili yanahitaji chumba, vyombo na watu waliokusanyika mahali pamoja saa za mchana. Mwenye wazazi wenye uwezo hulipiwa hayo yote na wazazi wake. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kuondoa fedha ya umma ni kumtendea haki mfagiaji, maana matokeo yake ni kwamba muziki utabaki kwa watoto ambao wazazi wao hawafagii barabara. Na tusisahau kwamba kilicholipiwa pale Stow kilikuwa zaidi ya mtu mmoja kukaa na gitaa. Kililipiwa darasa zima la watu waliojifunza mikataba, uchapaji wa jalada, usambazaji na mahesabu, ambazo ni kazi zenye mishahara hata kama hujui kuimba.

Hoja ya dhiki ndiyo inayoniumiza, na hapa naomba tuisikilize albamu yenyewe badala ya kuizungumzia kwa mbali. Wimbo wa kwanza unaanza na sauti ya Murdoch na gitaa tu, kwa upole kiasi kwamba unalazimika kuongeza sauti ili umsikie. Anasimulia mambo ya familia kama mtu anayeungama, na kweli humo ndani yupo padre anayeyapokea maungamo na kuyageuza kitabu. Kama albamu nzima ingekuwa hivyo, ningeweza kuelewa kwa nini mchangiaji wetu anasikia chumba cha mgonjwa. Lakini baada ya muda vyombo vingine vinaingia kimoja kimoja, kila kimoja kikisubiri nafasi yake, na kufikia mwisho wa wimbo yule mtu aliyekuwa peke yake amezungukwa na kundi zima. Kwenye wimbo wa pili, unaomhusu msichana anayeonewa shuleni, linaingia tarumbeta linalouchangamsha wimbo ambao maneno yake ni ya uchungu. Katikati ya santuri kuna wimbo wa sinthesaiza, kinanda cha kielektroniki, usiofanana na jirani zake hata kidogo, na upande wa pili kuna wa piano wa taratibu ambao kwangu ndio mzuri kuliko zote. Selo, ala kubwa ya nyuzi ya jamii ya fidla, anayopiga Isobel Campbell wa kundi hilo haipambi tu. Inajibizana na mwimbaji.

Huzuni ya Tigermilk inabebwa na watu waliokuwa wakisikilizana, na hicho ndicho ambacho miaka saba ya kitandani haikuweza kumpa Murdoch. Ni kweli alianza kutunga akiwa mgonjwa, na hajawahi kulificha hilo. Baadaye ameurudia ugonjwa ule katika nyimbo na katika riwaya aliyoitoa mwaka 2024. Lakini nyimbo zilizomo kichwani mwa mtu asiyeweza kutoka nje haziwi albamu. Zikawa albamu alipopata nafuu, akapata watu, akapata studio na tarehe ya kukabidhi kazi. Anayesema dhiki ndiyo iliyoizaa anaupa ugonjwa sifa ya kazi iliyofanywa na nafuu.

Tena kuna ushahidi ulio wazi zaidi. Novemba 1996, miezi mitano tu baadaye, kundi lilitoa albamu ya pili, If You're Feeling Sinister, safari hii chini ya mkataba wa Jeepster. Hawakuwa tena watu wasio na pa kwenda. Walikuwa na lebo, na watu walianza kuwatafuta. Je, huzuni ilipungua? Wasikilizaji wengi huiona albamu hiyo kuwa bora kuliko ya kwanza, na ni ya huzuni vilevile, pengine zaidi. Kama dhiki ingekuwa ndiyo chemchemi, ingeanza kukauka pale. Nasema hoja hii ni ya hatari kwa sababu inampa mwenye kupunguza bajeti udhuru mzuri: anaweza kukata fedha na kujiona anawasaidia wasanii.

Wala hili si jambo la zamani lililokwisha. Agosti 2024, Creative Scotland, chombo cha umma kinachogawa fedha za sanaa, kilitangaza kufunga mfuko wake wa msanii mmoja mmoja kwa sababu serikali ya Scotland haikuwa imethibitisha pauni milioni 6.6 ilizotarajiwa kutoa. Wasanii waliandika na kulalamika hadharani, na Septemba fedha zikathibitishwa na mfuko ukafunguliwa tena. Nilifuatilia mvutano ule na nikaona watetezi wakirudia kosa lile lile, wakiorodhesha waliofanikiwa kana kwamba mfuko ni wa kutengenezea washindi. Chuo cha Stow chenyewe hakipo tena kwa jina hilo. Mwaka 2013 kiliunganishwa na vyuo vingine viwili kuwa Glasgow Kelvin College.

Ninachopendekeza ni kwamba fedha ya umma ilipie mambo matatu yaliyokutana pale Glasgow: muda wa mtu anayejifunza, mahali penye vyombo, na mwalimu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Isilipie ahadi ya kibao kitakachovuma. Iwe na kikomo cha muda, kama kozi yoyote ilivyo, na mwombaji asitakiwe kuthibitisha kwamba atakuwa mtu maarufu, maana hakuna awezaye kulithibitisha hilo kwa ukweli. Mtu anayetoka kwenye ugonjwa mrefu apewe nafasi sawa na mwenye afya, hata kama hawezi kuhudhuria kila siku. Gharama zake zikaguliwe hadharani, na ripoti ieleze pia wahitimu ambao hawakuwa wanamuziki wanafanya nini sasa.

Ndugu uliyemtetea mfagiaji, naomba unijibu jambo moja. Iwapo binti yake ana sauti nzuri, anapiga gitaa la kuazima, na amekubaliwa kwenye kozi kama ile ya Stow, je, ungetaka kodi ya baba yake imsomeshe hapo au imkatae? Na ndugu wa hoja ya dhiki, ukiisikiliza Tigermilk kuanzia mwanzo hadi mwisho, nitajie ni wimbo upi unaoamini usingetungwa kama Murdoch angepona mapema zaidi, na utueleze unalijuaje hilo.