Naomba ushauri: mpangilio wa muvi za kutisha za zamani na za bajeti ndogo kwa Oktoba nzima

Mtaa_wa_Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozijua muvi za kutisha za kale, kuanzia za nyeusi na nyeupe mpaka miaka ya 80, hasa zile zilizotengenezwa kwa fedha za kuungaunga. Nipo Ohio, na huku Oktoba nzima ndiyo msimu wake mpaka Halloween, tarehe 31. Nataka kuziangalia kwa mpangilio, siyo kudonoadonoa.

Hali ilivyo: siku za kazi nafasi ni kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 4 na nusu. Jumamosi niko huru. TV ni LCD ya inchi 50, natumia spika zake zenyewe. Watoto wawili, wa miaka 9 na 13, wanataka kushiriki Jumamosi. Huduma ya kulipia isizidi moja.

Nianze na ipi? Nakala nzuri napata wapi? Na kwa nini nakala nyingi za bure zinaonekana kama zilipigwa ndani ya moshi?

Mkanda_wa_35

Mkuu, naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Muvi nyingi za bajeti ndogo hazina mwenye haki huko Marekani. Ama ilani ya hakimiliki haikuwekwa, ama haki hazikuhuishwa baada ya miaka 28 kama sheria ya wakati ule ilivyotaka. Kwa hiyo yeyote anaweza kuzinakili na kuziuza. Walionakili zamani walichukua mkanda wa milimita 16 uliokwisha kuchakaa, wakauingiza kwenye VHS, VHS ikaenda DVD, DVD ikapandishwa mtandaoni. Kila hatua inakula vivuli, na muvi ya kutisha ikishapoteza vivuli haina kilichobaki.

Chukua Night of the Living Dead ya 1968. George Romero na wenzake wa Pittsburgh waliitengeneza kwa takriban dola 114,000, na damu unayoiona ni sharubati ya chokoleti. Jina la awali lilikuwa Night of the Flesh Eaters. Jina lilipobadilishwa, ilani ya hakimiliki iliyokuwa kwenye bango la jina la zamani haikurudishwa, na ndiyo maana leo nakala zake ni utitiri. Unayoitaka wewe ni ile iliyosafishwa kwa 4K kutoka negativu ya kamera, kazi ya Museum of Modern Art na The Film Foundation, ambayo kampuni ya Criterion waliitoa 2018. Utaitambua hivi: dakika 96, picha inakaribia mraba, weusi wake ni mzito na bado unaona nyuzi za nguo ndani ya kivuli.

Zikimbie hizi: iliyopakwa rangi, na ya 1998 iliyopachikwa matukio mapya na muziki mpya. Ukikuta ya dakika 92, mara nyingi hiyo imetoka kwenye diski ya mfumo wa televisheni wa PAL: fremu 24 za sekunde moja zinachezwa kama 25, muvi inafupika kwa asilimia 4 na sauti za watu zinapanda kidogo. Siyo dhambi kubwa, ila ukiwa na chaguo chagua ya 96.

Kuhusu mahali: uliza kwanza maktaba ya mji wako. Maktaba nyingi za Marekani zinatoa Kanopy au Hoopla, huduma za muvi mtandaoni, bure kwa mwenye kadi, na humo nakala huwa safi. Tubi ni bure ila ina matangazo yanayokata katikati ya tukio. Internet Archive, hifadhi ya bure ya mtandaoni, ina nyingi zisizo na mwenye haki. Humo linganisha ukubwa wa faili, kwa sababu muvi hiyohiyo inaweza kuwa imewekwa na watu kumi, na yenye MB 400 haiwezi kukupa weusi mzuri. Ukilipia moja tu, kwa ladha uliyotaja ningechukua Criterion Channel. Shudder ina uzito zaidi kwa za miaka ya 70 kuja huku.

Bi_Kivuli

Nakala nzuri kwenye TV iliyoachwa na mipangilio ya dukani ni kazi bure. Kabla ya tarehe 1 fanya haya.

Zima kabisa kulainisha mwendo. Samsung wanakuita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. TV inabuni fremu zake na kuzichomeka kati ya zile 24 za filamu, na Bela Lugosi, Dracula wa 1931, anaanza kutembea kama mtangazaji wa habari. Kama kuna Filmmaker Mode, iwashe, inazima mengi kwa mkupuo. Kama haipo tumia Movie au Cinema.

Punguza Sharpness mpaka 0 au karibu na hapo. Zima kupunguza chenga, maana TV haiwezi kutofautisha chenga za nakala mbovu na chembe za filamu yenyewe. Inafuta zote, na nyuso zinakuwa kama nta. The Texas Chain Saw Massacre ya 1974 na The Evil Dead ya 1981 zilipigwa kwa milimita 16. Chembe ndizo zinazokufanya uhisi joto la Texas na uchafu wa kile kibanda.

Zima pia kihisi cha mwanga na chochote kinachobadilisha taa ya nyuma chenyewe. Kwenye LCD tukio likiwa giza TV inajipunguza, uso ukitokea inajipandisha, na unajua kuna kitu kinakuja kabla mwongozaji hajataka ujue.

Umbo la picha usiliguse. Za kabla ya miaka ya 50 zitakuwa na mistari myeusi pembeni, ziache hivyo. Halloween ya 1978 ni kinyume chake: ni pana sana, mistari iko juu na chini. Mwongozaji John Carpenter anamweka muuaji ukingoni mwa picha, nusu bega tu, nyuma ya uzio wa majani. Nakala iliyokatwa ijaze skrini inamtoa nje kabisa, na mtazamaji anashangaa watu wanaogopa nini.

Sauti za zamani ni za njia moja. Zima sauti ya kuzunguka ya kuigiza, inazitawanya. Washa maandishi ya chini kwa zile za 1931 na 1932. Maikrofoni za wakati huo zilimeza maneno. Na Dracula ya 1931 ukikuta ukimya mrefu, usianze kuhangaika na spika. Muziki upo mwanzoni na kwenye tukio la ukumbi wa maonyesho, basi. Kuna toleo lenye muziki wa Philip Glass wa miaka ya 90, lakini mara ya kwanza sikiliza ule ukimya.

Taa: balbu hafifu nyuma ya TV, na isiwepo taa yoyote nyuma yako.

Mtaa_wa_Tatu

Asanteni sana. Nosferatu, ile bubu ya 1922, inanichanganya. Kuna nakala ya dakika sitini na kitu, nyingine 94. Na kwenye moja mnyonya damu anatembea juani kabisa, ilhali jua ndilo linalomuua. Ipi ni ipi?

Mkanda_wa_35

Swali zuri, na lina sababu mbili tofauti.

Urefu kwanza. Kamera za filamu bubu zilizungushwa kwa mkono, na mwendo wa wakati huo ulikuwa chini ya fremu 24 tuliyozoea. Ukizicheza kwa 24 watu wanatembea mbiombio kama wamechelewa treni, na muvi inafupika. Juu ya hapo, nakala nyingi fupi zina matukio yaliyokatwa. Mahakama Ujerumani iliamuru mwaka 1925 nakala ziharibiwe, kwa sababu watengenezaji walichukua hadithi ya Dracula bila ruhusa na mjane wa Bram Stoker akawashtaki. Zilizobaki zilinusurika zikiwa zimetapakaa nchi mbalimbali, nyingine pungufu.

Juu ya jua: mwongozaji wake, Murnau, alipiga mengi ya usiku wakati wa mchana, kisha mkanda ukatiwa rangi. Buluu ni usiku, manjano ni ndani kwenye taa, waridi ni alfajiri. Aliyenakili kwa nyeusi na nyeupe tupu aliufuta usiku wote. Tafuta iliyosafishwa na Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, yenye rangi hizo na dakika 94 hivi. Iweke Jumamosi, haitoshi kwenye saa zako za kazi.

Kijiti_cha_Ufukweni

Kwenye mpangilio, usifuate miaka kuanzia 1920. Filamu bubu inahitaji jicho lililokwisha zoea mwendo wa taratibu. Ukiitanguliza, siku ya tatu utakuwa umehamia kwenye mpira. Na usijilazimishe muvi 31. Nne kwa wiki zinatosha. Woga nao huchoka, na ukiulisha kila siku ifikapo tarehe 15 hakuna kinachokushtua.

Wiki ya kwanza chukua nyepesi kuingia: House on Haunted Hill ya 1959, dakika 75, Vincent Price akiwa kwenye ubora wake. Mwongozaji William Castle aliiuza kwa kiunzi cha mifupa kilichopita juu ya vichwa vya watazamaji ukumbini kwa waya. Kisha Carnival of Souls ya 1962, dakika 78, takriban dola 33,000. Herk Harvey alikuwa mtu wa filamu za mafunzo huko Kansas, na jengo lile la burudani lililoachwa ni Saltair, kando ya Great Salt Lake. Hiyo angalia peke yako. Kinanda chake cha kanisani hakitaki mazungumzo.

Wiki ya pili ingia kwa mtayarishaji Val Lewton, na hapa nakuomba usiharakishe. Studio ya RKO walimpa jina la muvi tayari, kikomo cha dola 150,000 na dakika 75, kisha wakamwambia atengeneze. Fedha ya zimwi haikuwepo, kwa hiyo akatumia kivuli, maji na mlio. Cat People ya 1942 ina tukio la mwanamke anayetembea barabarani usiku, hatua zake na hatua za nyuma yake, halafu kitu kinakuja kwa kishindo. Sitasema ni nini. Mbinu ile ya kukukaza taratibu kisha kukushtua kwa sauti isiyo na madhara inatumika mpaka leo. Ongeza sauti kidogo kuliko kawaida, vinginevyo hatua hazisikiki.

Halafu fululiza tatu za mazombi, siku tatu zinazofuatana, ya mwisho iangukie Jumamosi watoto wakishalala: White Zombie ya 1932, I Walked with a Zombie ya 1943, kisha ya Romero. Katika mbili za kwanza, zinazotokea visiwa vya Karibi, zombi ni mtu aliyerogwa na kunyang'anywa utashi. Kwenye ya 1932 anafanyishwa kazi kiwandani usiku. Anayejua habari za misukule ataelewa papo hapo. Romero ndiye anayemfanya mla watu, na ndani ya muvi neno zombi halitamkwi.

Mkanda_wa_35

Nakubali kuhusu bubu, ila za studio ya Universal zifuatane kwa miaka. Frankenstein ya 1931 lazima itangulie Bride of Frankenstein ya 1935, kwa sababu ya pili inaanzia ya kwanza ilipoishia. Zote hazizidi dakika 75, zinaingia kwenye muda wake wa kazi bila shida.

Mama_Ukumbi

Naona watoto wamesahaulika. Ndugu, wa miaka 9 mpe Abbott and Costello Meet Frankenstein ya 1948. Ni vichekesho, lakini mazimwi yenyewe yanachukuliwa kwa uzito, na ni Lugosi halisi amevaa joho. Jumamosi nyingine The Invisible Man ya 1933, wapate kubahatisha mbinu zake, na Creature from the Black Lagoon ya 1954.

Frankenstein iangalie wewe kwanza. Kuna tukio la msichana mdogo ziwani ambalo lilikatwa kwa miaka mingi na sasa limerudishwa. Kwa wa miaka 13 sawa, kwa wa 9 mimi ningesubiri. Night of the Living Dead wasiione kabisa, nyeusi na nyeupe isikudanganye. Na kwenye The Evil Dead kuna tukio la mwanamke kudhalilishwa na miti msituni. Watu wazima nao waambiwe mapema, wengine hawataki kulikuta ghafla.

Bando_la_Usiku

Kwa tulio Dar tunaofuata uzi huu: zisizo na mwenye haki pakueni kwa bando la usiku, msizitazame moja kwa moja. Picha ya HD inakula kama GB 3 kwa saa, ya kawaida karibu GB 1. Mtandao ukiyumba programu inashusha ubora yenyewe, na kinachoharibika kwanza ni giza: linakuwa vipande vya mraba vinavyocheza ukutani. Faili iliyopakuliwa haina tatizo hilo.

Mtaa_wa_Tatu

Nimeyachukua yote. Swali la mwisho: tarehe 31 yenyewe niweke nini? Watoto wa jirani wanagonga mlango jioni nzima.

Bi_Kivuli

Angalia kwanza tangazo la mji wako, miji ya Ohio hujipangia siku na saa za watoto kupita, mara nyingi kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, na si lazima iwe tarehe 31. Katika saa hizo usiweke kitu cha taratibu kama Cat People, mlango utaivunja vipandevipande. Rudia House on Haunted Hill, hiyo inavumilia mtu kuinuka na kurudi.

Watoto wakishalala, weka Halloween. Ni dakika 91, kwa hiyo ianze saa 3 kasoro dakika 5. Ilipigwa California majira ya kuchipua, majani makavu yalipakwa rangi na kukusanywa tena kila tukio lilipoisha, na ukiangalia kwa makini utaona miti ya jamii ya mnazi ya California nyuma ya nyumba zinazodaiwa kuwa Illinois. Carpenter mwenyewe ndiye aliyetunga muziki, wenye mapigo matano badala ya manne. Kwa spika za TV pekee ule mdundo wa chini unapotea, kwa hiyo kama kuna mtu wa kukuazima spika ya nje hata kwa usiku mmoja, mwombe kwa ajili ya hiyo.

Kijiti_cha_Ufukweni

Na simu iache chumba kingine. Nusu ya kwanza ya Halloween Carpenter anamwonyesha muuaji mara nyingi kwa mbali sana, ukiinamisha macho kidogo tu umempita.