Ushauri: moyo wa binti yangu uko kulia na una tundu, litazibika bila kupasua kifua?

MamaTandahimba: Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 9, tangu mdogo akicheza kidogo anahema na kifua hakimuishi. Juzi tumempeleka Mtwara mjini wakampima eko (kipimo cha picha ya moyo) wakakuta moyo umekaa kulia na kuna tundu kwenye ukuta wa vyumba vya juu, tumepewa rufaa JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) Dar. Watu wananiambia kwa moyo wa hivyo ule mrija wa kuzibia tundu bila upasuaji haupiti, lazima apasuliwe. Kuna anayejua? Naogopa sana jamani.

Kijana_wa_Newala: Pole sana mama. Kuna dada wa kanisani alishauri dawa za mizizi kwa mtu kama huyo, jaribu huku ukisubiri.

NesiLindi: Hapana ndugu, tundu la moyo halizibwi na mizizi, tusimpotezee mtoto muda. Dada, moyo kuwa kulia peke yake hakuzuii. Kawaida mrija unaingilia kwenye mshipa wa pajani, unapanda hadi moyoni, kifaa kama visahani viwili kinafunguliwa huku na huku ya tundu, linazibika. Kwa moyo uliogeuka madaktari wanaweza hata kugeuza picha ya eksirei kwenye skrini ili mikono isichanganyikiwe. Shida inakuja kama ule mshipa mkubwa wa chini unaorudisha damu moyoni umekatika njiani tangu kuzaliwa, maana baadhi ya watoto wa namna hii wanakuwa nao hivyo, hapo inabidi kupitia shingoni au kwenye ini na ni kazi ngumu zaidi. La pili ni kingo za tundu, kama hazitoshi kifaa hakishiki na hapo upasuaji ndo salama. Ukifika waulize hayo mawili, mshipa na kingo, na kama atahitaji sitii skani au eko ya kooni.

MamaTandahimba: Asante mno dada. Baba yake anataka tusubiri pesa ya korosho, nifanyeje?

NesiLindi: Tarehe ya rufaa isikupite dada yangu. Tundu kubwa likikaa muda mrefu presha ya mapafu inaweza kupanda na ikipanda sana hata kuziba inakuwa haifai tena. Gharama ongea na ustawi wa jamii hapo hospitali kabla hamjasafiri, na kama ana bima beba kadi.

Mzee_Mikindani: Mwanangu wa kike alizibwa hivyo, ila moyo wake ulikuwa kushoto. Walimpa asprini miezi 6. Nenda mama, na ile CD ya eko usiiache nyumbani.