Winlator, GameHub au Mobox: ipi inafaa kwa simu zetu hizi za Kariakoo?

Kijana_wa_Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kucheza gemu za kompyuta kwenye simu. Siongelei PPSSPP ya gemu za PSP, naongelea faili la .exe lenyewe. Ninazotaka ni za zamani tu: San Andreas ya PC, NFS Most Wanted ya 2005, PES 2013 na ikiwezekana Fallout: New Vegas. Simu ni Infinix yenye Helio G99, RAM GB 8.

Majina matatu ya programu za kazi hiyo nayakuta kila mahali: Winlator, GameHub na Mobox. Kila mtu YouTube anasema yake ndiyo kiboko, ila simu aliyoshika mkononi bei yake ni kodi yangu ya mwaka. Naomba mlinganisho kutoka kwa wenye simu za kawaida. Nina laki tatu na nusu pembeni, kama kuna haja ya kubadili simu semeni mapema kabla haijapata kazi nyingine.

Fundi_Aggrey

Mkuu, anza na chipu, programu ije baadaye. Hizo zote tatu zimejengwa kwa vitu vilevile. Kuna Wine, inayofanya gemu iamini iko kwenye Windows. Kuna Box64, inayogeuza maelekezo ya prosesa za Intel na AMD kuwa ya ARM, yaani prosesa za simu, huku gemu ikiendelea. Halafu kuna DXVK, inayogeuza Direct3D, lugha ya picha ya Windows, kuwa Vulkan ambayo simu inaielewa. Ukishavuka hapo, anayeamua kama picha itatoka au utaona giza ni draiva, yaani programu inayoongoza GPU (chipu ya picha).

Snapdragon zina GPU ya Adreno, na Adreno ina draiva huria inayoitwa Turnip, kutoka mradi wa Mesa. Unaiweka ndani ya emuleta (hizi programu za kuigiza kompyuta) bila kuruti simu, na ukitoka toleo jipya unabadilisha. Wewe una Mali-G57. Hapo unabaki na draiva aliyoiweka mtengenezaji, na hiyo haiguswi mpaka alete sasisho, kama ataleta. Juu ya hapo, Mali nyingi za kwenye simu hazisomi picha zilizobanwa kwa mtindo wa BC, na gemu za PC karibu zote zinatumia mtindo huo. Kazi hiyo inarudi kwa prosesa, ambayo tayari imebeba Box64.

Kwa hiyo kwa G99: Winlator toleo la 10 au la baadaye, kwa sababu lina Vortek. Vortek inachukua maagizo ya Vulkan na kuyapeleka kwenye draiva ya simu yako mwenyewe. Kabla yake watu wa Mali walikuwa na VirGL tu, inayopitia OpenGL. Ipo bado, ila ni nzito.

DadaGemu_Sinza

Naongezea kwa Fundi. Mobox iondoe kwenye orodha kabisa, kaka. Inaendeshwa ndani ya Termux, programu ya kuandika amri kwenye Android, unahitaji na Termux:X11, na Input Bridge kwa ajili ya vitufe, halafu amri za kuandika kwa mkono. Ilitengenezwa ikiwalenga wenye Adreno. Na kuanzia Android 12 mfumo unaua michakato midogo ikizidi 32, utakuwa katikati ya mbio Termux inakuandikia "signal 9" na kila kitu kinazimika. Dawa yake ipo kwenye setingi za wasanidi au kwa amri za ADB, lakini kwa nini ujitafutie?

Mimi natumia GameHub kwenye Poco yenye Snapdragon 870 na siondoki. Unaingiza gemu, inakuchagulia yenyewe draiva na setingi, una akaunti yako ya Steam, lile duka la gemu za PC, unaingia humo humo. Dakika chache uko ndani.

mzee_wa_bando

Dada, GameHub ni nzuri kwa mwenye intaneti ya nyumbani. Sisi wa bando tunaumia. Kila kijenzi inakishusha kivyake, na usiku ule unaotaka kucheza ndio inakwambia kuna faili halijakamilika. Halafu inataka akaunti, na ni programu ya GameSir, kampuni ya kuuza padi, si kazi huria. Kuna walioichonga upya ikaitwa GameHub Lite, wameondoa vitu vya kufuatilia watu. Ila mimi namba ya siri ya Steam siiingizi kwenye programu iliyochongwa na mtu nisiyemjua. Anayetaka Steam atazame GameNative, msimbo wake uko wazi.

Winlator unaishusha mara moja GitHub, basi. Play Store haipo, ukiiona huko ujue ni ya kubandika jina.

DadaGemu_Sinza

Hapo kwenye Lite nakubaliana nawe. Lakini tusimfiche kijana: Winlator anayeanza inamchosha. Anakutana na kontena (yaani Windows ya kuigiza yenye setingi zake), draiva, DXVK, Box64, hajui aguse nini aache nini.

Fundi_Aggrey

Ndiyo maana tupo hapa dada yangu. Kijana, fuata hivi.

Gemu zako zote nne ni za Direct3D 9, biti 32. Umechagua vizuri, maana huko ndiko Mali inakoweza kupumua. Tengeneza kontena jipya, skrini weka 960x544 au 800x600, usidanganywe na wingi wa pikseli za simu yako. Draiva ya grafiki weka Vortek. DXVK usichukue ya juu kabisa: kuanzia 2.0 inataka Vulkan 1.3, na draiva nyingi za Mali hazijatimiza. Chukua 1.10.3, inaridhika na Vulkan 1.1. Ikigoma, weka WineD3D na VirGL uone kama tatizo ni Vulkan au ni gemu yenyewe.

Upande wa Box64 kuna viwango vilivyopangwa tayari, kutoka Stability mpaka Performance. Anza na Compatibility. Gemu ikiwaka vizuri ndipo upande Performance. Wengi wanaanza juu kabisa, gemu inazima, wanasema Winlator haifai.

Faili za gemu weka kwenye folda ya Download, ndani ya Winlator utaiona kama diski D. Usihangaike na kisakinishi kwenye simu. Sakinisha kwenye kompyuta ya rafiki, kopi folda nzima, hamisha kwa flashi ya OTG. Na kama unaweza nunua GOG, duka la gemu la mtandaoni, gemu zao hazina kufuli la DRM la kuzuia kunakili. Hizi za kununua kwa vijana wa kuchoma flashi nusu ya matatizo mnayoleta humu si ya emuleta, ni faili bovu.

Mbagala_Kuu

Mnazunguka sana. PES 2013 ya nini wakati PPSSPP ina PES zilizotiwa hadi wachezaji wa Simba na Yanga, na inakwenda hata kwenye itel? Emuleta ya PSP haina Wine wala Box64 wala nini. Simu haichemki, chaji inakaa.

Kijana_wa_Tabata

Mkuu ya PPSSPP ninayo. Nataka ya PC kwa sababu ya mods, zile nyongeza wanazotengeneza mashabiki.

Mbagala_Kuu

Haya. Nunua na feni.

mzee_wa_bando

Feni si utani jamani. Joto la Dar mwezi wa pili, simu ina kava la mpira, iko kwenye chaji, halafu mtu anashangaa gemu ilianza vizuri baadaye inakokota. Chipu ikichemka inajipunguza yenyewe. Vua kava, chomoa chaji, na kwenye vigezo vya kontena andika DXVK_FRAME_RATE=30. Fremu 30 zilizotulia ni bora kuliko 50 zinazoruka ruka. Kwa NFS utaona tofauti hasa kwenye kona.

Kimara_Mwisho

Swali la laki tatu na nusu limepita kimya. Kwa mtumba, tafuta Snapdragon ya daraja la juu ya miaka ya nyuma badala ya mpya ya daraja la kati. 865 na 870 zina Adreno 650, Turnip inazielewa vizuri. Mpya ya bei hiyo ukikuta ni Snapdragon 680 au 685, ni Adreno 610. Turnip itakubali, nguvu ndiyo hakuna.

Ukiangukia Samsung, soma namba ya modeli, usisome jina. S20 FE iko ya aina tatu sokoni: SM-G780F ni Exynos, ambayo GPU yake ni Mali, SM-G780G na SM-G781B ni Snapdragon 865. Muuzaji atakwambia zote ni sawa. S10 hivyo hivyo: SM-G973F ni Exynos, SM-G973U ya Marekani ni Snapdragon 855, ila hiyo ya U weka laini yako pale pale dukani uone inashika mtandao. Piga *#06#, tuma IMEI kwenda 15090 uone kama jina linalorudi ni la simu uliyoshika. Halafu fungua CPU-Z au DevCheck, programu za kuonyesha chipu ya simu, mbele ya muuzaji, neno Adreno lionekane kwa macho yako. Akikukataza kushusha programu hiyo, rudisha simu kwenye kioo.

DadaGemu_Sinza

Na betri. Simu ya miaka hiyo betri imeshachoka, na gemu za namna hii zinakula. Tenga hela ya betri ndani ya bajeti hiyo hiyo.

Kimara_Mwisho

Kweli. Kuna njia nyingine pia kwa mwenye kompyuta nyumbani: weka Sunshine kwenye kompyuta na Moonlight kwenye simu, gemu inachezeka kwenye kompyuta, simu inapokea picha kwa Wi-Fi ya ndani bila kula bando. Hata itel itakuchezea New Vegas. Ila LUKU ikiisha na wewe umeisha.

Kijana_wa_Tabata

Kompyuta sina, ndiyo maana niko hapa 😂 Nimeweka Winlator kwa maelekezo ya Fundi. San Andreas imewaka kwa Vortek na DXVK 1.10.3, inachezeka safi, mjini ndiyo inapungua kidogo. NFS inaingia menyu, mbio zikianza barabara ni nyeusi.

Fundi_Aggrey

Hiyo ni athari za picha. Ndani ya menyu ya NFS zima vivuli, mwangaza wa barabara na mvua. Ikibaki nyeusi, tengeneza kontena la pili la WineD3D na VirGL kwa ajili yake peke yake. Kila gemu iwe na njia yake ya mkato yenye setingi zake, usibadilishe kontena zima kwa sababu ya gemu moja, utaiharibu San Andreas iliyokaa vizuri.

Kijana_wa_Tabata

Vivuli na mwangaza nimezima, imekubali! New Vegas nitasubiri nipate simu ya Adreno. Swali la mwisho: nikibadili simu, nilipofikia kwenye San Andreas napotezaje... yaani nahamishaje?

mzee_wa_bando

Ingia kwenye kidhibiti cha faili ndani ya Winlator, diski C, users, xuser, Documents, utaikuta folda ya GTA San Andreas User Files. Kopi uipeleke diski D, yaani Download, halafu ndiyo uihamishe. Fanya hivyo kabla hujafuta Winlator au kontena, maana ukifuta vinaondoka na kila kitu kilichomo.